Ruhusa Niliyomnyima

Makocha vijana wa hapa Kindu huniuliza: mzee, wachezaji wa leo wana simu, wana maneno mengi, ukiwakaripia wanahama timu; wewe unawawezaje? Nawaambia, msikilize. Ukimweka benchi, mwite pembeni umweleze sababu. Akiomba ruhusa, mpe, hata kama mechi ni kesho. Wanaandika kwenye simu zao. Siwaambii nilijifunza wapi.

Wakati wa vita nilikuwa kocha wa mdomo mkali. Kila mechi, siku moja kabla, niliwafungia wachezaji kambini, yaani uani kwangu, na hakuna aliyetoka. Mchana mmoja akaja mama wa beki wangu wa kushoto, amebeba mafurushi. Mapigano yalikuwa yanakaribia mji. Alitaka mwanawe amsaidie kuvusha wadogo zake wawili ng'ambo ya mto Lualaba.

"Kocha, unipatie mutoto wangu. Peke yangu sitaweza."

"Mama, mechi ni kesho. Akitoka leo, asirudi tena."

Kijana alinitazama mimi, hakumtazama mama yake. Akabaki. Mama akarudi nyumbani na mafurushi yake. Jioni bomu likaangukia nyumba ile, akafa yeye na wale wadogo wawili. Na mechi yenyewe, jamani, haikuchezwa.

Kijana hakunitukana. Afadhali angenitukana! Aliacha mpira, akaenda Kampene kuchimba dhahabu, na baada ya miaka akarudi kuendesha pikipiki ya abiria hapa mjini, mtaa wa Kasuku. Tukipishana ananisalimia vizuri, mimi ndiye ninayeangalia chini.

Mwaka huu nikamwona mvulana mmoja akicheza nyuma ya soko. Wallahi, mguu ule! Nikauliza ni mtoto wa nani, wakaniambia: wa yule mwendesha pikipiki, beki wangu wa zamani. Wiki nzima nilipita mbele ya nyumba yao bila kuthubutu. Mwishowe nikapiga hodi. Baba mtu alinipa kiti, akamwagiza mkewe chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia namtaka mwanawe kwenye timu, na kwamba mimi si yule wa zamani, aulize mchezaji yeyote. Nikamwomba na msamaha, kwa mara ya kwanza, huku nalia mbele ya mkewe bila aibu.

"Nasikia, kocha," akasema. "Wanasema siku hizi unawapatia wote ruhusa. Ile iko muzuri." Akanisogezea kikombe. "Lakini mutoto wangu, hapana. Mama yake akimuita, mi nataka akuje tu, asiombe muntu ruhusa."