Kombi Iliyokuwa Nyumba Yetu

Kiangazi cha mwaka 1987, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja na miezi miwili, nilipima joto kwa kiganja. Kila ilipofika saa sita mchana niliubandika mkono kwenye bati la ndani ya kombi yetu, nikahesabu. Nikifika kumi, mdogo wangu Muganyizi, aliyekuwa na miezi mitano, angelala. Nikiuondoa kabla ya tano, angelia hadi jua lipungue, na harara shingoni mwake zingezidi kuwa nyekundu. Nyumba yetu ya Kanazi ilikuwa imebomolewa na mvua za Aprili. Tata, baba yangu, alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa. Aling'oa viti vya kombi kuukuu aliyoitumia kwa kazi, akapigilia mbao sakafuni, akaingiza kitanda, nasi tukaufuata msimu wa kahawa hadi Kagoma.

Tarehe 4 Julai, siku ya Jumamosi, Shangazi Koku, dada mkubwa wa Tata, alikuja kututazama. Aliingiza kichwa mlangoni, akakitoa haraka. "Ndugu yangu, huyu ni mtoto au ni senene unakaanga?" Tata alicheka; Mama hakucheka. Shangazi akasema wazi kwamba ukoo ungekaa tarehe 12 Septemba, na kama hali ingekuwa ile ile, angemchukua Muganyizi amlee kwa maziwa ya ng'ombe. Mama alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili, na neno lake kwa wakwe zake lilikuwa jepesi. Tangu siku ile hakula vizuri.

Tukaanza kazi. Tata alipaka paa chokaa nyeupe mara tatu, akatoboa matundu mawili chini upande wa ziwani na mawili juu upande wa pili, akayaziba kwa wavu wa mbu, ili upepo uingie baridi na joto lipate pa kutokea. Mama alishona magunia ya kahawa yaliyochakaa, akayajaza majani makavu ya mgomba, tukayabana darini kwa fito. Mchana tulitandaza turubai upande wa magharibi, likiachana na bati kwa urefu wa mkono. Kufikia katikati ya Agosti nilikuwa nahesabu hadi kumi na nne. Hata hivyo Mama aliendelea kumgusa mtoto paji la uso kila baada ya muda mfupi, kama anayehakikisha kwamba bado ni wake.

Mimi nami nikaongeza la kwangu. Katika nyumba ya Mhaya mwenye kujiheshimu mgeni hukanyaga nyasi zilizotandikwa sakafuni, nami sikutaka Shangazi atudharau. Nilikata nyasi, nikazianika siku mbili, nikazitandika zikiwa nene. Tarehe 22 Agosti tulihamia mashine nyingine. Wazazi walikaa mbele, mimi na mtoto nyuma, pazia likiwa katikati. Njiani nyasi zikaanza kufuka moshi. Bomba la moshi la gari lilipita chini ya mbao zile, na mbao zilikuwa zimekauka. Nilimwaga maji yote ya kumwogeshea mtoto, nikazitupa nyasi dirishani kwa mikono. Ubao mmoja uliungua, doa jeusi upana wa sahani.

"Kuna nini huko? Mbona harufu?" Mama aliuliza.

"Watu wanachoma shamba, Mawe," nikajibu, nikafunika doa kwa mkeka.

Leo ninaishi Kibeta, katika nyumba niliyoimalizia mwenyewe baada ya mume wangu kufariki. Ina dari na feni, na wajukuu hulala mchana bila mtu kuwahesabia chochote. Vyumba hivi ni baridi kuliko kombi ile ilivyopata kuwa, nami nashukuru. Lakini tangu wiki tatu zile za kiangazi kile, kati ya uongo wangu na kikao, sijawahi kulala vibaya namna ile, hata katika miezi ya msiba wangu.

Tarehe 12 Septemba ukoo ulikaa Kanazi. Mzee Ishengoma, mwenyekiti, hakutaka maneno mengi. Saa nane mchana aliingia ndani ya kombi, akajinyoosha kando ya Muganyizi, na baada ya muda tukamsikia akikoroma. Alipotoka alikuwa anapangusa macho. "Koku, kwangu kuna joto kuliko humu. Mtoto abaki."

Katibu alifungua daftari. Mama alikuwa ameanza kulia kwa furaha. Ndipo nikasema, "Waitu, wazee wangu, inueni mkeka."

Waliinua. Shangazi alipiga magoti, akaligusa doa, nami nikawaeleza jinsi nyasi zangu zilivyoshika moto njiani. Uamuzi ukabadilishwa, ukaandikwa: Muganyizi abaki mikononi mwa mama yake, ila kombi isimame uani kwa Shangazi hadi nyumba ijengwe, isibebe tena familia, Tata azifuate mashine kwa baiskeli. Nilijua nimempokonya Tata gari lake. Waliojua kuandika walitia saini. Katibu akauliza shahidi wa ule moto ni nani, nami, kwa miaka yangu yote kumi na mmoja, sikuwa nimepelekwa shule wala sikujua kuandika jina langu. Tata hakunitazama, lakini aliushika mkono wangu, akakibonyeza kidole gumba changu kwenye wino, kisha kwenye karatasi, polepole, ili alama isichafuke.