Disketi Zilizooshwa Peramiho

Baba yangu ni bwana misitu, na mtu wa misitu hapandi mche mmoja. "Mche mmoja si msitu," hutuambia. Kwa msemo huo nyumba yetu ina funguo za akiba, tochi za akiba, hata mswaki wa akiba ambao hakuna anayejua ni wa nani. Kompyuta zilipoingia kwetu, mafaili nayo yakapandwa hivyo hivyo.

Kompyuta zilikuwa mbili. Ya mezani ilitoka Dar es Salaam ikiwa imeshachoshwa na watu wengine, na mama akaivika kitambaa cha kufuma kama alivyoivika redio. Ya pili ilikuwa laptop ya safari, ambayo baba aliachiwa na mradi fulani uliofungasha virago. Ukiiweka mapajani kwa muda wa kuandika barua, unasimama unachechemea.

Mwenye shida na kompyuta hasa alikuwa mama. Ni mwalimu, na mwaka jana alikuwa anaandika tasnifu yake ya shahada juu ya vitendawili vya watoto wa mkoa huu. Sisi ni watu wa Singida, tumekuja kikazi tu, kwa hiyo vya huku ilibidi avifuate: Madaba, Peramiho, hadi kule Namasakata. Alikuwa amemaliza sura tatu. Msimamizi wake angepita hapa Songea mwisho wa mwezi, na alishamwambia kwamba asipozikuta hizo sura, mambo ya kuhitimu wayaongelee mwakani.

Hapo baba akajiteua kuwa waziri wa nakala. Vifaa vya maana vya kuhifadhia mafaili vilikuwa bei ya ng'ombe, kwa hiyo yeye akaokoteza disketi kuukuu za semina, akabandua lebo zilizoandikwa "Uhifadhi wa Vyanzo vya Maji", akaandika "Sura ya Kwanza" na kuendelea. Nakala moja ikakaa kwenye kompyuta ya mezani, moja kwenye laptop. Ya disketi akaitia kwenye kopo la siagi na kumpelekea mama mkubwa, dada yake mama, aliyeolewa Peramiho zamani hadi siku hizi Singida anaiita kwenu. Mama mkubwa amestaafu ualimu wa ushonaji na ana kompyuta yake, aliyoletewa na mwanawe, anaandikia nyimbo za kwaya.

"Nyumba ikiungua, Peramiho ipo," alisema baba.

"Na Peramiho ikiungua?" nikamuuliza.

"Wewe umemaliza hesabu zako?"

Mama alipokuwa anafunga safari ya Namasakata, baba alifuta zile sura kwenye laptop. Kompyuta inayosafiri, alisema, isibebe kitu cha thamani. Barabara ya Tunduru, ya kwendea huko, ni tope tupu, ikianguka ianguke peke yake. Mama alimtazama jinsi anavyotutazama sisi tunaposema tumeshaoga, lakini alikuwa na haraka.

Wiki hiyo hiyo umeme, ambao ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ulirudi kwa hasira. Kompyuta ya mezani ikatoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa, halafu ikatoa moshi kupitia matundu ya kitambaa. Nilimkumbusha baba kwamba fundi alimshauri anunue kile kidude cha kukinga umeme.

"Ndiyo maana nilipanda miche mitatu," alisema.

"Mmoja umeungua, baba. Mwingine umeung'oa mwenyewe."

Akaniambia nikachote maji. Pipa lilikuwa limejaa.

Mama akarudi na korosho, tope, na vitendawili vipya. Alipopewa habari aliuliza tu disketi zinarudi lini. Baba alishamtuma konda wa kibasi, na jioni kopo likafika likiwa limejaa maandazi, disketi zimefungwa vizuri kwenye mfuko juu yake. Baba akachomeka ya kwanza kwenye laptop kwa madaha ya padri anayefungua tabernakulo.

Zikatokea nyimbo za Pasaka. Sura ya Pili ilikuwa namna ya kupika keki bila oveni. Sura ya Tatu ilikuwa na mstari mmoja: "Asanteni, msalimieni wote."

Mama alikunja kile kitambaa cha kufuma, akakikunjua, akakikunja tena.

"Baba," alisema, "msitu wako uko wapi?"

Kesho yake baba akaenda Peramiho, na mama akanituma nimfuate ili asije akamkosea adabu dada yake. Tulimkuta mama mkubwa anapepeta maharage.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, shemeji. Mbona una uso wa mtu aliyefiwa na mbuzi?"

"Dada, zile disketi. Sura za mdogo wako hazimo."

"Zitakuwamoje? Nikurudishie chombo na mabaki yako ndani? Nilimimina, nikaosha, nikatia changu. Au kwenu Singida bakuli la jirani linarudi tupu, tena na mchuzi wake mwenyewe umegandia?"

Baba alikuwa bado amekwama kwenye "nikaosha".

"Ulimiminia wapi, mama mkubwa?" nikauliza mimi.

"Kwenye chungu changu, wapi kwingine?" Akaelekeza ungo kwenye kompyuta yake, nayo imevikwa kitambaa. "Chakula cha mtu kinamwagwa?"

Baba akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Sura zote tatu zilikuwamo, zimepangwa vizuri pamoja na nyimbo za kwaya.

"Ila nimeonja," mama mkubwa alisema wakati tunazinakili. "Ya pili ilikuwa haina chumvi. Nimeongeza vitendawili vyetu vya huku, vile ambavyo watoto hawawezi kumtegea mwalimu mgeni."

Baba alitaka vitolewe hapo hapo. Mama mkubwa akamwambia achukue kama kilivyo au aache. Tukachukua.

Nyumbani mama alisoma, akacheka hadi akavua miwani. Alifuta kimoja tu, na nikiri kwamba nilikuwa nimeshakisoma na darasa letu zima sasa linakijua. Msimamizi alipopita, alizipokea sura, na pembeni mwa vile vya mama mkubwa aliandika "vizuri sana", maneno ambayo mama alikuwa hajawahi kuyapata kwake.

Ukurasa wa shukrani ulipochapwa, mama mkubwa alikuwa wa kwanza. Baba alikuwa baada ya wazee wa Namasakata, baada ya dereva wa lori aliyempeleka huko, sambamba na sisi watoto. Aliuliza kama kulikuwa na makosa ya upangaji.

"Hakuna," mama akamwambia. "Na nakala nimeshapeleka Peramiho."