Bahari Imefungwa, Kata Imeachwa Wazi

Jumamosi, saa kumi na robo alasiri, nilimwomba Bibi ndoo na kata ya kunywea maji. Hapo ndipo yalipoanza.

Kipindupindu kimeingia mjini, na mwenyekiti wa mtaa kaufunga ufukwe wetu wote, hata mchanga tunaochezea netiboli. Wenzangu wakaamua tufanyie mazoezi ya Jumapili asubuhi kwa siri kwenye ghala tupu la chumvi. Sikupenda, ila mimi mbele za watu sauti hainitoki. Nikakubali kubeba maji.

"Mko wangapi?" Bibi akauliza.

"Kumi na wanne."

"Kwa kata moja? Hebu kaa."

Nikakaa.

"Mwanangu, nilikuwa rika lako, maradhi haya haya, wakubwa wakakataza kwenda baharini kuoga mwaka. Na unatujua, mwaka mpya hujachovya kichwa baharini, unajiona bado uko mwaka wa jana. Nikawakusanya wenzangu uani kwa somo yangu, yule mama aliyenifunda. Tukajimwagia maji ya kisima, tukala sinia moja, tukanywa kata moja. Nikajiona mjanja. Siku ya tatu tukamzika shoga yangu Mwanaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Niliyeficha mimi, aliyeumbuka yeye."

"Kwa hiyo wakubwa walikuwa sawa?"

"Nusu. Pale mtaro wa vyoo unapomwagia, ilikuwa haki pafungwe. Na vyungu vya chakula cha kuuza pale pwani. Pwani nyingine ina upepo, imemkosea nani? Wametufukuza kwenye uwazi, tukajibana uani. Lakini kosa langu ni langu. Niliona walipozidisha, nisiwaambie, nikawazunguka. Basi shika hili: amri ikikuelemea, mfuate aliyeitoa, tena mchana. Na siku ukiwa wewe ndiye mwenye kufunga, uliza kwanza watu watakwenda wapi. Mungu akupe ulimi mwepesi na afya, wewe na hao wenzio."

Ndoo hakunipa.

Leo Jumapili, saa mbili asubuhi, nilikuwa kwa mwenyekiti. Nikamwamkia, nikasema: "Mzee, fungeni mtaroni na kwa mama lishe. Mchanga tuachieni, kila mtu aje na chupa yake."

Akanitazama. "Nani kakutuma?"

"Nimekuja mwenyewe."

Akasema atawauliza watu wa afya, na mpaka wajibu, pabaki pamefungwa. Nikasema sawa, kesho nitarudi kuuliza.

Kisha nikaenda ghalani. Zulfa, nahodha wetu, akanikodolea macho: "Maji yako wapi, we?"

"Hakuna maji, na hakuna mazoezi humu." Nikawasimulia ya Mwanaidi. Nikasimama mlangoni mpaka wa mwisho alipotoka.