Maji Yaliyomngoja Mwalimu Grégoire

Kule Wamaza, enzi za Wabelgiji, katekista aliitwa mwalimu, na mwalimu Grégoire alijulikana hata na watu ambao hawakuwahi kumwona. Sababu ni mwaka wa homa kubwa. Mwaka ule mapadri nao walikuwa vitandani, na Grégoire, kijana bado, alizunguka vijiji na kibuyu cha maji akiwabatiza waliokuwa wakikata roho. Alivuka mito iliyofurika. Aliingia nyumba ambazo hata ndugu walizikimbia. Hilo ni kweli, wala hakuna wa kumnyang'anya.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Homa iliisha, Grégoire akanenepa, safari zake zikabaki mdomoni. Mgonjwa wa mbali alitumiwa salamu. Hadithi ya homa, hiyo haikukosa nafasi: msibani, harusini, hata kwenye mafundisho ya Jumapili, na kila mwaka mto uliongezeka kina. Mkewe Victorine alimtania, "Baba Célestin, safari hii mamba watakuwa wangapi?" Yeye alicheka tu.

Alasiri moja, baada ya kupeleka pamba kwenye mizani, wanaume walikaa barazani kwa mwalimu. Walikuwemo wageni wawili wa Lusangi ambao hawakuwahi kuisikia hadithi. Bahati iliyoje! Akaanza. Alipofika kwenye mto wa kwanza, Léontine, binti wa mzee Lukumani wa ng'ambo ya kijito, alikuja mbio akapiga magoti kando ya baraza. Kwao mwanamke hakatizi maneno ya wanaume. Hupiga magoti, akangoja aulizwe. Léontine akangoja, machozi yakimtiririka.

Grégoire aliyaona. Hapa ndipo aibu yake inapoanza: alidhani binti analilia hadithi. Moyo ukamjaa. Badala ya kufupisha, akarefusha. Akamwongeza bibi kizee aliyekufa akimshika mkono, akaongeza na kitoto, akashusha sauti pale panapouma, huku akimtazama Léontine kwa pembe ya jicho aone kama bado analia. Alikuwa bado analia.

Hatimaye akamgeukia kwa upole. "Usilie, mutoto wangu. Ile homa iliisha zamani."

"Mwalimu," Léontine alisema, "baba iko nakufa. Anaomba ubatizo. Amenituma kukuita."

Lukumani! Mwindaji aliyeukataa ubatizo miaka yote, akisema maji ni ya kuoga! Mwalimu alitoka mbio, akavuka kijito, ambacho kilimfika kwenye vifundo vya miguu tu.

Alipoinama mlangoni, vilio vilikuwa vimeshaanza. Penye kichwa cha marehemu palikuwa na kibuyu cha maji safi, kimefunikwa kwa jani. Mjane, mama Régina, hakumgombeza. Laiti angemgombeza.

"Tulitaka kumuita mukristo wa karibu amubatize," alisema. "Akakataa. Akasema, tungoje mwalimu, ule ni mutu wa kufika. Hata mwaka wa homa alifika."

Grégoire alitamani ardhi ipasuke immeze. Hadithi yake ndiyo iliyomngojesha Lukumani huku, na ndiyo iliyomkalisha yeye kule. Na mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu kwamba mana, chakula cha Mungu cha kila siku, iliyolazwa hadi kesho iliota funza!

"Mwalimu," Léontine aliuliza, "Mungu atamupokea baba?"

"Mungu alimusikia akiomba," akajibu. "Hakukaa barazani kwangu, mutoto wangu. Alikuwa hapa kwenu." Kisha akapiga magoti, akawaeleza wote alivyoyadhania yale machozi. Hakuficha kitu. Hakuthubutu kuinua uso.

Siku ya kumaliza matanga, watu walipokwisha kula, mgeni mmoja wa Lusangi akasema, "Mwalimu, utumalizie basi ile ya homa." Victorine akainamisha macho.

Grégoire akasimama. "Mwaka ule nilifika," alisema. "Kwa Lukumani sikufika."

Akamwendea mama Régina, akamwomba kile kibuyu kwa mikono miwili. Alipokipokea aliwageukia watu.

"Nani iko mugonjwa leo," akauliza, "na iko wapi?"