Mabawa ya Hirsi

Mume wangu Hirsi ni fundi wa faibaglasi, na hapa Garissa hiyo ni kazi inayompa mtu nafasi kubwa ya kukaa. Huziba matangi ya maji yaliyopasuka, na mashua ya pale mtoni ikitoboka humwita. Ufundi aliupata Mombasa, kwa Mhindi mmoja wa maboti. Ni mtu mpole, msafi, asiyependa maneno, na kama si mimi kusema kwa niaba yake watu wangedhani nimeolewa na kabati.

Basi mwaka wa tisini na sita kabati likafungua mdomo. "Hani," akaniambia, "nataka kuuza mabawa ya magari."

Ni yale mabawa yanayokaa nyuma, juu ya buti la gari la mbio. Jina lake ni spoila, ila Hirsi husema sboila, na simcheki kwa sababu nami husema vivyo hivyo. Alitaka kuyatengenezea Datsun za zamani, zile za milango miwili zilizokuwa zikitamba kwenye mashindano enzi zile. Nilimtazama juu hadi chini. Mji mzima ni malori, Land Rover na mikokoteni ya punda.

"Na Garissa hii utamfunga nani bawa?" nikamuuliza. "Ngamia?"

Hakucheka. Alisema hatatengeneza ya kuuza kwanza. Atauliza tu, ajue kama wako wanaotaka.

Sikumtania tena, maana kalibu ya bawa lile, yaani umbo la kulitengenezea, naijua ilikotoka. Datsun ya namna hiyo mjini petu ilikuwa moja tu, ya mdogo wake, Rage. Aliinunua ikiwa mzoga wa gari, wakaifufua wote wawili uani kwetu, na Hirsi akaibunia bawa kwa mikono yake. Mwaka wa tisini na mbili Rage akaondoka nayo kwenda Nairobi. Wakati huo magari yalisafiri kwa msafara, na askari, kwa sababu ya majambazi. Rage hakungoja msafara. Nairobi hakufika. Gari halikuonekana, wala yeye, wala mwili wake.

Alimwacha mkewe, Ruweyda, chumba cha pili kutoka changu. Tangu siku ile hakuwa mke wala mjane. Kwao Hadado walimtaka arudi, aolewe angali kijana, lakini hawezi kuolewa mke wa mtu. Kadhi alikuwa tayari kumfungua. Alichotaka ni ndugu wa mume aje aseme kwamba wametafuta, wamekosa, na wanaamini amekufa. Kila Hirsi alipoitwa alijibu neno moja tu: "Bado."

Nililichukia neno hilo, na wakati mwingine nilimchukia na mwenye kulisema. Mwanamke alikuwa anazeeka mbele ya macho yangu.

Na nyumba yenyewe haikuwa na amani. Mchana kweupe, baada ya alasiri, Hirsi angeacha kupiga msasa na kugeuza kichwa. "Umesikia?" Kisha angetoka mpaka barabarani, asimame kwenye vumbi akitazama upande wa daraja. Nilimwita mwendawazimu. Lakini siku nyingine nami nilisikia, wallahi, ile injini ya Datsun ikipanda kutoka darajani, ikinguruma kwa sauti yake nyembamba, halafu ikikatika kabla ya kutufikia. Ruweyda alikuwa akichambua mchele, na vidole vyake vikasimama. Hatukuulizana. Mimi niliogopa kuuliza, nadhani naye vilevile.

Kwa kalibu ileile Hirsi alitoa bawa moja la mfano, akamkabidhi binamu yake Olow, dereva wa basi la Mombasa. Alimwagiza apite kila gereji huko pwani, aulize nani ana Datsun ya aina ile na kama angependa bawa kama hili. Olow akarudi meno yote nje.

"Wanataka, walaal, ndugu yangu! Changamwe wanataka, Malindi wanataka! Biashara imekubali!"

Mimi nikaanza kuota mabati mapya. Hirsi aliyasikiliza yale majina kama mtu anayepewa pole.

"Hakuna aliyekataa?" akauliza.

"Nani akatae kitu kizuri?"

"Basi endelea kuuliza."

Olow alipoondoka nikamshika mkono mume wangu. "Wewe unauza au huuzi? Mtu anakuletea wateja unamnunia!"

Akakaa juu ya kalibu yake. "Hani, bawa la namna hii nililifunga gari moja tu duniani. Anayelitaka hana habari yoyote ya ndugu yangu. Mimi namtafuta atakayelikataa, aseme analo tayari."

Tangu hapo, kila basi la Olow lilipoingia, niliomba Mungu Olow awe amekuta wateja tu.

Kabla ya mvua za vuli Olow alikuja, safari hii hakucheka. "Mmoja amekataa. Mzee wa Likoni. Anasema lake lilikuja na gari."

Hirsi alipanda basi hilohilo lilipogeuza. Aliporudi alitukalisha kwenye mkeka, mimi na Ruweyda. Yule mzee alikuwa mtu mwema, akasema, alimpa chai. Gari alilinunua mwaka uleule wa tisini na mbili, kwa vijana asiowajua, likiwa na rangi mpya. Hirsi alimwomba ruhusa alifungue bawa.

"Upande wa chini pana alama ya dole gumba," akatuambia. "Rage alilishika kabla halijakauka. Nilimgombeza sana siku ile. Nimeweka dole langu palepale, Ruweyda. Lake dogo."

Akalia. Sikuwahi kumwona Hirsi akilia, na nilimwonea huruma mpaka nikakasirika.

"Lile gari asingeliuza akiwa hai," akasema. "Kesho nakwenda kwa kadhi. Nisamehe, abaayo, dada yangu. Nilikuwa sijui."

Ruweyda hakumwaga chozi. Aliinuka akaingia chumbani kwake, tukasikia sanduku likifunguliwa. Nilimfuata kwa hofu. Nilimkuta ameshika nguo nyeupe, ile mjane anayoivaa akikaa eda, imekwisha kushonwa mpaka pindo.

"Abaayo," nikamuuliza, "umeishona lini?"

Aliikunjua juu ya kitanda ili tuitazame, na kwenye mikunjo yake yote kitambaa kilikuwa kimegeuka manjano.