Kaya Arobaini za Ng'ambo ya Mto

Nimehudhuria semina nyingi hapa Kolwezi, na sikumbuki hata moja niliyotoka nikiwa na akili zaidi ya ile niliyoingia nayo. Mtu hutoka na kalamu, daftari lenye nembo, na tumbo lililojaa kuku wa hoteli. Ile ya mwaka juzi ilinizidishia cheti, na ndiyo maana naiandika.

Ilikuwa semina ya siku tano, ya modeli za takwimu za kiwango cha juu, kwa ajili yetu sisi watafiti wa mambo ya jamii. Hayo maneno "kiwango cha juu" yalikuwa mdomoni mwa kila mtu, hata wale ambao kutafuta wastani tu kunawatoa jasho. Mkufunzi alikuwa ameletwa kwa ndege, bwana wa viatu vilivyochongoka, na kila alipoingia ukumbini aliinama kuvifuta vumbi letu jekundu kwa karatasi ya chooni. Kila baada ya sentensi mbili aliuliza kama tuko pamoja, nasi tukaitika kwamba tuko pamoja. Walimu wa chuo waliokaa mstari wa mbele walitikisa vichwa kabla hajamaliza kusema, wasije wakadhaniwa hawakuelewa. Umeme ulipokatika, katika mji ambao shaba yake hupeleka umeme kwa watu wengine, alisimama na kijiti chake akiutazama ukuta ambao picha zake zimezimika. Debe tupu! Niliwadharau wote, na mimi nikajiona mjanja peke yangu.

Kulikuwa na jambo moja tu la maana. Siku ya tano mkufunzi angechagua, kati yetu sita tuliokusanya takwimu vijijini, watatu wa kuendelea na kazi kwa mwaka mzima. Kwangu mimi hiyo ilikuwa nyongeza, maana nilikuwa na saa zangu za kufundisha. Kwa mama aliyeketi kando yangu ilikuwa riziki yake yote. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka shule yake ilipofungwa, mgodi ulipopanuka mpaka ukutani kwake. Alikuwa na watoto wanne, na mume hayupo. Aliniambia kwamba akiikosa nafasi hii atarudi mtoni kuosha mawe ya wachimbaji, pamoja na watoto wake.

Mkufunzi alitufundisha kwa kutumia takwimu zetu wenyewe, tulizokusanya upande wa Sandoa kwa fomu za karatasi: kaya ina watu wangapi, nani aliugua, maji wanachota wapi. Modeli yake iliwaweka watu ndani ya kaya, na kaya ndani ya kijiji, kama sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa. Siku ya tatu alikionyesha ukutani kijiji cha yule mama. Nukta, moja kwa kila kaya, zilitawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Akasoma fomu moja kwa sauti. Mwanamke fulani alisema ana watoto saba, lakini wanaokula ni watano, na pembeni mama alikuwa ameandika kwamba wawili wamekufa ila mzazi bado anawahesabu. Ukumbi ukacheka. Mkufunzi akasema hiyo ni kelele tu, yaani takwimu chafu zisizo na maana, na mtu anayeshindwa kupata jibu moja kwa swali moja hajui kazi.

"Njo vile alinijibu," mama akasema polepole. "Mi ningeandika nini?"

Mkufunzi akakiweka ukutani kijiji changu, na nukta zikajipanga vizuri kando ya mstari wa modeli yake. Akaniita nisimame. Nikapigiwa makofi.

Sasa niseme. Kijiji kile sikukifikia. Mvua ilikuwa imeharibu njia, mwenye pikipiki akakataa kuvuka mto, nami nikakaa siku tatu Sandoa katika nyumba ya wageni, nikasingizia homa, nikajaza fomu za kaya arobaini nikiwa kitandani nikila ndizi. Kila kaya niliipa watoto kwa kiasi na magonjwa kwa kiasi. Sikumpa hata mzazi mmoja mtoto aliyekufa na bado anahesabiwa, kwa kuwa jambo kama hilo halikunijia kichwani. Na yule bingwa wa modeli, pamoja na mashine zake, aliyapenda mambo yangu ya kitandani kuliko ukweli wa mama! Nilimcheka moyoni mpaka machozi yakanilenga. Ningeweza kusema palepale. Nilikaa chini kwa sababu nilikuwa mwoga, na kwa sababu makofi ni matamu.

Siku ya tano majina yalisomwa. Langu lilikuwa la kwanza. La mama halikuwamo.

Nilimkuta langoni akisubiri pikipiki, ameshika daftari lake lenye nembo. Akanipa mkono, akanipongeza. Kisha akasema, kwa heshima na bila hasira yoyote:

"Tata, mi nilifika kule kwako."

"Kwangu wapi?"

"Ku ile mugini yako, kijiji ya ng'ambo ya muto. Baliniambia ku Sandoa kama uko mugonjwa. Nilipoisha kumaliza kwangu, nikavuka na miguu, nikusaidie. Bantu balisha kuhama zamani. Hakuna nyumba hata moja, ni mihogo tu."

Nilimuuliza kwa nini hakusema mbele ya watu. Neno moja tu, na nafasi yangu ingekuwa yake.

"Siku mbili minakuangalia," akasema. "Nilisema: uyu ni muntu mukubwa, atasema ye mwenyewe."

Pikipiki ikaja, moja tu. Nikamwambia apande yeye, mimi nitasubiri nyingine, na kwa kitambo kidogo nikajiona muungwana.