Kwa Nini Ukoo Wetu Unaitwa Majivu

Jina letu ni Qiu, ila hapa kijijini, nje kidogo ya Shaoxing, hakuna anayelitumia. Sisi ni akina Majivu. Nikiagiza tambi, mwenye kibanda anapaza sauti, "Za Majivu tayari!" Nimechoka, jamani, na wa kulaumiwa ni mmoja tu: baba wa babu yangu, Qiu Boheng.

Boheng alikuwa mwalimu, na mwaka 1929 kichwa chake kilijaa majarida ya Shanghai. Eti dini ya Buddha ikiondolewa ushirikina, ndiyo itakayoijenga China. Wakati huo wilaya ilikuwa inachukua mahekalu na kuyageuza shule, na la kwetu lilikuwa kwenye orodha. Mtawa wake, mzee Jingchen, angefukuzwa akiwa na miaka sabini. Boheng akamwahidi: tutaweka maktaba, mkaguzi ataona hekalu linafundisha taifa, atatuacha. Akahamishia hekaluni majarida yake yote, ya miaka sita.

Hadi hapo safi. Si angenyamaza tu? Wapi. Akazunguka akiwahubiria wanawake kwamba taifa la kuchoma karatasi halisimami, hadi mwenye duka akaona aibu, akaacha kuuza karatasi za bati, zile wanawake hukunja vifedha vya bandia na kuvichoma ili viwafikie marehemu. Na mwezi wa saba huo unaingia, wafu wanarudi nyumbani, wapokelewe mikono mitupu? Mama yake mzazi alipomuuliza, akajibiwa kwamba marehemu wanahitaji fikra mpya, si fedha.

Mama akaitikia tu. Hapo ndipo Boheng alipaswa kuogopa.

Siku ya mkaguzi, Boheng akafungua maktaba kwa mbwembwe. Rafu tupu. Uani, wanawake kumi na kitu wamezunguka chungu cha moto, wanatupia vifedha vilivyokunjwa vizuri kabisa, kimoja bado kinasomeka "Wajibu wa Raia". Boheng akaingiza mikono kuokoa kurasa, akatoka na majivu hadi kwenye nyusi.

"Mama, umefanya nini?"

"Si ulisema wanahitaji fikra mpya, mwanangu? Baba yako leo kapata za miaka sita."

Mkaguzi alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha akaandika: hekalu liwe shule. Boheng alibembeleza mpaka sauti ikamkauka, akaambulia kitu kimoja: Jingchen abaki, awe mpishi wa shule. Na mwalimu akawa nani? Boheng mwenyewe, chumba kilekile cha maktaba. Asubuhi ya kwanza mzee Jingchen akamletea uji mbele ya darasa zima.

"Kunywa, Mwalimu Majivu, taifa linakusubiri."

Basi ikawa imetoka hiyo. Karibu miaka mia sasa.

Kama na wewe unabeba jina la aibu ulilorithi kwa babu asiyejua kunyamaza, lishushe hapo chini na kisa chake. Nisiaibike peke yangu.